Skrubu Nane Chini ya Mabati

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili lilikuwa la kuandikia joto la betri. Betri yenyewe ilikufa ukurasa wa tatu, kwa hiyo kurasa zilizobaki nimezirithi mimi. Hakuna ndugu aliyejitokeza kupinga.

Muhula umeanza, na ndio wangu wa mwisho hapa chuoni. Nina miaka ishirini na tisa, umri ambao wenzangu wanauheshimu kwa kunipisha kiti. Kabla ya kuja hapa nilikaa miaka minane kwenye kibanda cha mjomba tukitengeneza redio na simu. Umeme nilijifundisha kwa kitabu kilichokuwa kimechanika kurasa thelathini za kwanza, ndiyo maana mpaka leo mwanzo wa mambo siujui. Najua kuanzia katikati.

Kazi ya muhula ni moja: kumaliza kisanduku. Watu wa nje wanakiita setilaiti na wanainua macho juu wakikitaja. Sisi tunaokiona kila siku tunakiita kisanduku, maana kina urefu wa rula na kinaingia kwenye droo. Kikifika huko juu kitapiga picha mawingu ya mvua. Kabla ya hapo lazima kipite kwenye meza ya mtikiso, mashine inayokitingisha jinsi roketi itakavyokitingisha. Siku tuliyopewa ni tarehe 6 Mei.

Halafu kuna nafasi. Shirika la anga litachukua mwanafunzi mmoja kutoka kwetu, mwaka mzima, kwenye ukumbi wanakounganisha vyombo vinavyoruka kweli. Mmoja. Tunaotajwa ni wawili, mimi na Desimali. Yeye ana alama, mimi nina mikono. Nimeitaka nafasi hiyo tangu nikiwa kibandani nafungua redio za watu na kuzifunga, na sijamwambia mtu jinsi ninavyoitaka. Najiambia mimi humu.

Jumatano, 6 Machi

Desimali anaitwa hivyo kwa sababu ukimuuliza saa anakujibu mpaka sekunde. Ana miaka ishirini na mbili na shati halijawahi kumkunjika. Nimeamua kumchukia kidogokidogo, bila haraka, nisije nikaishiwa kabla ya Juni.

Leo tulipewa semina ya skrubu. Ndiyo, semina. Mwenye semina ni fundi mkuu wa maabara, mama mmoja mfupi anayetembea na kalamu ya wino mwekundu nyuma ya sikio. Chuo kizima kinamwita Bi Wino, naye anaitika.

Kisanduku kina skrubu sitini na nne. Kila moja inakazwa na mtu mmoja huku mwingine akishuhudia. Spana tunayotumia ni ya kipimo: nguvu ikitosha, inalia "tik". Shahidi akisikia anasema, "Nimesikia," anatia saini kwenye daftari la ushahidi, gundi inadondoshwa, na Bi Wino anachora mstari mdogo wa wino kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye bati. Skrubu ikijizungusha hata unywele mmoja, mstari unakatika na siri inafichuka.

Nikajitia ujuaji. "Bi, mimi nimekaza skrubu miaka minane. Mkono wangu unajua."

"Mkono wako unajua redio," akasema. "Redio ikilegea unaifungua. Hii ikilegea utaifuata na ngazi?"

Wakacheka. Desimali alicheka kwa kipimo.

Kisha Bi Wino akatuambia kanuni ambayo ameiandika yeye mwenyewe: mwenye spana si anayekaza, mwenye spana ni shahidi. Shahidi asiposikia, spana inalala. Hata iwe skrubu moja, hata awe amekuja waziri.

Nimeandika kwenye daftari la darasani: *mama anapenda makaratasi*.

Jumamosi, 9 Machi

Nakaa kwa dada. Yeye ni fundi cherehani, na sebule ndiyo karakana yake, kwa hiyo nalala kwenye kochi katikati ya magauni ya watu. Asubuhi naamka na nyuzi kichwani kama bi arusi asiye na bwana.

Dada ameshawatangazia wateja wake wote kwamba naenda mwezini.

"Dada, ni ukumbi. Una sakafu."

"Ukumbi wa wapi?"

"Wa hapa hapa duniani."

"Basi usiwaambie wao," akasema, sindano mdomoni. "Tangu nimewaambia mwezini, hawachelewi kuchukua nguo zao."

Shemeji, mwalimu wa jiografia, hanipiti bila neno. "Shemeji, huko juu kuna mvua?" Nikamwambia hakuna. "Basi mimi siendi, nitawafundisha nini?"

Jumatatu, 18 Machi

Mvua imeanza, na imeanza kwa hasira, kama mtu aliyesubirishwa.

Maabara yetu zamani ilikuwa ghala. Paa ni mabati matupu. Ndani ya ghala tumesimamisha hema la nailoni lenye feni ya kuchuja vumbi, na ndani ya hema tunavaa makoti meupe, kofia na glavu, tunafanana na wapishi wa hospitali. Vumbi haliingii. Kelele inaingia bila kubisha hodi. Mvua ikipiga mabati, mtu aliye mbele yako anabaki midomo tu.

Tulikaza skrubu mbili. Ya tatu haikusikika. Bi Wino akaifunga spana kwenye kitambaa chake kama anamlaza mtoto.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Spana imelala.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Spana imelala.

Alhamisi, 21 Machi

Asubuhi kavu, skrubu tano. Mchana mvua. Tumebuni kisanduku cha kupiga picha mawingu, mawingu yamekuja kujitambulisha mapema.

Jumatano, 3 Aprili

Mhadhiri wetu alikuja hemani, kofia imemkaa upande. Ni mtu mwema anayezungumza kwa kalenda.

"Leo tarehe tatu. Tunakwenda kutingisha tarehe sita Mei. Mko skrubu ya ngapi?"

"Ya ishirini na mbili," nikasema.

"Ishirini na mbili nukta tano," akasema Desimali. "Ya ishirini na tatu tumeianza."

Mhadhiri akamgeukia Bi Wino. "Hatuwezi kutumia njia nyingine? Mwanga, kwa mfano? Spana zenye taa zipo."

"Zipo," akajibu Bi Wino. "Ziko kwa wenye nazo."

Mhadhiri akatoka shingo upande. Nikamwona Bi Wino kama jiwe katikati ya barabara, na nadhani sikuwa peke yangu.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimepatwa na pigo. Desimali ni mtu mzuri.

Nilikuwa nimekosea hesabu ya joto la betri, kosa la aibu, nimegawanya pale pa kuzidisha. Angeweza kulitoa mbele ya mhadhiri akapata sifa yake. Badala yake alinisogezea karatasi wakati wa chai.

"Dada, angalia mstari wa saba. Nadhani kalamu yako iliteleza."

Kalamu haikuteleza, niliteleza mimi, na alijua. Nilimshukuru. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia hadi Juni, ameniharibia ratiba.

Akaniambia pia kwamba baba yake hampigii simu ila siku za matokeo. Alisema hivyo akisafisha miwani, halafu akazungumzia kitu kingine.

Jumatano, 17 Aprili

Skrubu nne. Kichwa kinauma. Kusikiliza "tik" siku nzima kunachosha kuliko kubeba mawe, maana mawe ukiyabeba yanaonekana.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Spana imelala. Tumebakiza siku kumi na nne na skrubu ishirini na nne. Desimali amezigawa akapata moja nukta saba kwa siku. Nimemwambia ile nukta saba aikaze yeye.

Alhamisi, 25 Aprili

Niandike polepole, maana siku yenyewe ilikwenda mbio.

Tulikuwa tumefika skrubu ya arobaini na moja. Kuanzia hiyo hadi ya arobaini na nane ni za ndani kabisa, zinazoshika betri. Zikishakazwa na gundi ikakauka, ndipo kuta za nje zinafuata, na za nje ni kazi ya siku mbili tu, hazina ugumu. Kwa hiyo hizo nane ndizo zilizotufunga njia.

Bi Wino hakuwepo. Alikuwa amekwenda kung'olewa jino. Alituachia kalamu, daftari na spana, akasema kwa taya moja, "Mnajua." Tulijua.

Saa nane mchana Desimali akashika spana, mimi nikasimama na daftari. Mvua ikaanza hapo hapo, kama iliyokuwa ikitusubiri tuvae glavu. Tukangoja nusu saa. Tukangoja saa nzima. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye kucha. Nilikuwa nimesimama kwenye hema lile wiki sita, nikisikiliza kitu kidogo kuliko mlio wa kiberiti, na kalenda ya mhadhiri ilikuwa inanipiga kisogoni.

"Tuendelee?" akapaza sauti Desimali.

"Sisikii kitu!"

"Nini?"

"Nimesema sisikii!"

Akasogea, mdomo karibu na sikio langu. "Angalia mkono wangu basi. Ukisimama, ndiyo tik."

Hakunilazimisha. Naandika hili makusudi, maana jioni hii nimeshaanza kujiambia kwamba alinilazimisha. Alinitazama tu, akangoja. Mwenye spana nilikuwa mimi.

Nikaitikia kwa kichwa.

Akakaza. Mkono ukasimama. Nikasema, "Nimesikia." Hata yeye hakunisikia, alinisoma midomo. Nikatia saini. Gundi. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Ilipofika ya sita nilikuwa siangalii tena mkono, nilikuwa naangalia daftari kuhakikisha saini zinakaa kwenye mstari.

Saini zangu nane zimependeza kuliko zote za muhula huu. Hapo tu mtu mwenye akili angeshtuka.

Ijumaa, 26 Aprili

Bi Wino amerudi, shavu limevimba. Aliangalia saini zote nane, akachora mistari ya wino. Mkono wake hautetemeki. Akasema, "Mmebahatika, mlipata ukavu." Nikasema, "Kidogo."

Jumatatu, 29 Aprili

Kuta za nje zimekaa. Kisanduku kimefungwa. Tumepiga picha kikundi kizima, sisi wawili na wale wanne wanaoandika programu za kukiendesha, na mimi nimecheka meno yote. Ukiitazama ile picha utadhani ni mtu mwenye furaha.

Mjomba alipiga simu. "Mmemaliza?"

"Tumemaliza, mjomba."

"Mbona sauti yako kama ya mtu aliyerudishiwa redio?"

Kibandani, hicho ndicho kitu kibaya kuliko vyote: mteja anarudi na ile ile redio, anaiweka juu ya meza bila kusema, anakutazama. Nikamwambia mtandao mbaya, nikakata.

Jumanne, 30 Aprili

Nimefanya hesabu. Tukitingisha na betri ikalegea, kisanduku chetu kinaharibika, basi. Lakini kuna jambo baya kuliko hilo. Kinaweza kuvumilia mezani kikalegea kwenye roketi. Roketi hatupandi peke yetu. Pembeni yetu kuna kisanduku cha chuo kingine, watu sita wengine, na hema lao, na mvua yao. Betri yetu ikichomoka ikaenda kuwapiga ubavuni, hawatajua ni nani.

Nimefanya hesabu ya pili: uwezekano kwamba zote nane zimekaza vizuri ni mkubwa. Desimali ana mkono mtulivu. Ningekuwa mtu wa kucheza kamari ningekaa kimya na ningeshinda.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu. Dada ameshona koti la kusafiria, la kijivu, lenye mifuko minne. Amenipimisha. Linanikaa vizuri sana.

Alhamisi, 2 Mei

Jua kali tangu asubuhi. Nilifika kabla ya wengine. Bi Wino alikuwa anakunja makoti yaliyofuliwa.

"Bi, kuna jambo kuhusu arobaini na moja."

"Imelegea?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Saini si yako?"

"Saini ni yangu. Masikio hayakuwepo."

Akaacha kukunja. Hakuuliza kwa nini. Watu wanaouliza kwa nini wanakupa nafasi ya kujitetea, yeye hakunipa.

"Ngapi?"

"Nane."

"Za betri."

"Za betri."

Akaenda kabatini akatoa daftari la ushahidi na muhuri ambao sikuwahi kuuona ukitumika. Aliupangusa kwanza kwa kitambaa. Umeandikwa BATILI. Akaupiga mara nane, mmoja juu ya kila saini yangu nzuri. Mabati yalikuwa kimya leo. Kila pigo lilisikika mpaka nje, na wenzetu waliokuwa wanafika wakasimama mlangoni.

Mhadhiri alipoletewa habari alikaa kwenye kiti cha plastiki akavua miwani.

"Leo tarehe mbili," akasema. "Kukifungua, kukikaza upya, gundi, kungoja... Hatufiki tarehe sita."

"Hatufiki," akasema Bi Wino.

"Binti, umetuponza. Unajua hilo?"

"Najua, mwalimu."

Mmoja wa wale wanne wa programu akasema, si kwa ubaya, kwa uchovu tu, "Dada, si ungenyamaza?" Kisha akamwangalia Bi Wino akatamani angenyamaza yeye.

Bi Wino akamgeukia Desimali. "Wewe ulikuwa mkazaji. Ulisikia?"

Desimali akanyoosha kola ya koti lake. "Mkazaji haulizwi kwenye daftari," akasema.

Na kweli. Kanuni ndivyo inavyosema. Anayesikia ni shahidi, anayeulizwa ni shahidi. Hakusema uongo hata neno moja. Bi Wino akafunga daftari.

Nyumbani nilimweleza dada. Alisimamisha cherehani.

"Mshono wenye shaka unaufumua," akasema. "Hilo silikatai. Lakini kwa nini lazima uwe wewe?"

Shemeji aliniletea chai, akakaa nami kwenye kochi. Ilikuwa mara ya kwanza kunipita bila neno, na ningelipa chochote kusikia mzaha wake mmoja wa kijinga.

Ijumaa, 3 Mei

Tumekifungua. Tulitoa kuta za nje, tukafika kwenye betri. Nilidhani leo nitajua. Nilidhani Bi Wino atafungua ya arobaini na moja na kusema ilikuwa imekaza au ilikuwa imelegea, na mimi nitakuwa ama mkombozi ama mpumbavu. Kimojawapo, nimalizane nacho.

Akafungua zote nane. Zote zilikuwa ngumu.

"Basi zilikuwa zimekaza," nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba.

"Unafungua gundi hapo, si skrubu," akasema. "Gundi ikishakauka inashika hata skrubu iliyolegea. Hakuna anayeweza kukuambia tena. Sasa umeelewa kwa nini tunasikiliza kabla?"

Nimeelewa. Pia nimeelewa kwamba sitajua. Nimepoteza tarehe sita kwa ajili ya kitu ambacho labda hakikuwepo. Wiki nane zilizopita niliandika *mama anapenda makaratasi*. Nimetafuta lile daftari la darasani, nimeyakata maneno yale. Mstari mmoja, yasomeke bado.

Jumatatu, 6 Mei

Tulikuwa tutingishe leo. Tumekaa.

Alhamisi, 9 Mei

Kavu. Nimeshuhudia nane upya, mkazaji Bi Wino mwenyewe. Zote nimezisikia.

Ijumaa, 10 Mei

Mhadhiri ametupatia tarehe nyingine, 27 Mei. Kuna chuo hakikumaliza chao. Nimefurahi halafu nikaona haya, maana furaha yangu ilikuwa msiba wa watu sita nisiowajua.

Jumatano, 15 Mei

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka jina.

Mhadhiri aliniita ofisini. Bi Wino alikuwa ameketi dirishani, kalamu sikioni. Juu ya meza kulikuwa na fomu ya shirika la anga, na nikaisoma kichwa chini miguu juu kabla hawajasema neno. Kujisomea kitabu kilichochanika kunamfundisha mtu kusoma upande wowote. Mstari wa tisa: *Mwombaji asiwe na ushahidi uliobatilishwa katika mwaka wa maombi.*

"Mimi ningekupeleka wewe," akasema mhadhiri. "Nakuambia ukweli. Mikono yako..." Akaacha hapo. "Lakini kanuni haisomi nyuso."

"Na Desimali daftari lake ni safi," nikasema.

"Ni safi."

Nikamgeukia Bi Wino. Sikukusudia kuuliza, liliponyoka. "Kwa hiyo, Bi, ningekaa kimya ningekwenda?"

Mhadhiri akaangalia kalenda yake. Bi Wino hakuangalia kando.

"Ungekwenda," akasema.

"Na hiyo ni sawa?"

"Si sawa. Niliwaandikia mwezi huu wautazame ule mstari. Niliwaandikia na mwaka juzi." Akaichukua kalamu sikioni, akaichezea. "Muhuri nimekupiga mimi na ningekupiga tena. Usinitafutie huruma hapo. Lakini barua nimeandika."

Nikatoka. Kwenye ngazi niligundua kwamba sina hasira naye. Nilimtafutia hasira kila mfuko, kama funguo, sikuipata.

Dada hakusema kitu kuhusu wateja. Alilikunja lile koti la kijivu akaliweka kabatini, chini ya mashuka, akasema, "Litanyooka huko." Halafu akarudi kwenye cherehani akaendesha kwa nguvu mpaka uzi ukakatika.

Alhamisi, 16 Mei

Nimelala mchana kutwa. Shemeji amerudi kwenye mizaha. "Shemeji, kuna mwanafunzi wangu ameandika mvua inatoka mwezini. Nimempa nusu." Nikacheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili.

Jumatatu, 27 Mei

Meza ya mtikiso iko kwenye jengo lenye harufu ya mafuta na sakafu iliyong'arishwa. Mwenye meza ni bwana mnene, mpole, anayekula karanga akiangalia vyombo vya watu vikiteswa. Tulikifunga kisanduku mezani, tukaenda kusimama nyuma ya kioo.

Kilianza kama nyuki. Halafu kama cherehani ya dada. Halafu sina mfano. Dakika mbili upande mmoja, dakika mbili upande wa pili, dakika mbili juu chini. Mhadhiri alikuwa amefumba macho. Mimi nilihesabu.

Kikasimama. Bi Wino akaenda na tochi na kioo cha kukuza, akatazama mistari ya wino mmoja mmoja, ile ya nje kwanza. Ilichukua muda, na hakuna aliyethubutu kumuuliza yuko ya ngapi, hata Desimali. Ya ndani aliitazama kupitia kitundu cha ubavuni, jicho moja limefumba.

"Yote mizima," akasema.

Wale wanne wa programu wakarukiana shingoni. Aliyeniambia ningenyamaza alinikumbatia na mimi, akasema, "Dada, nisamehe." Nikamwambia hana kosa, swali lake nilishajiuliza kabla yake mara nyingi tu.

Bwana mnene akanipa karanga.

Kwa hiyo kisanduku kitakwenda. Nimechoka uchovu ule wa mtu aliyesukuma gari hadi likawaka, likaondoka.

Jumatatu, 3 Juni

Mvua zimeisha. Kuna vumbi hemani. Bi Wino ameniambia niendelee kuja, kuna kisanduku cha pili kinaanza na hana shahidi. Nikamuuliza na muhuri wangu je. "Muhuri ni wa mwaka," akasema. "Mwaka una miezi kumi na miwili, siyo mia." Mwombe mama huyu faraja, atakupa hesabu.

Ijumaa, 7 Juni

Desimali ameondoka leo.

Sikupanga kwenda kumsindikiza. Nilijikuta nimefika stendi, nikajiambia nimepita tu. Alikuwa na begi moja na shati limemkunjika. Baba yake alikuwa amempigia simu. Tulisimama pembeni ya basi kama watu wanaongoja lifti.

"Dada," akasema. "Zile nane. Nilizihisi kwenye vidole, zote. Nadhani."

Nimemfahamu mwaka wa pili sasa, na kuhusu kazi yake mwenyewe sijawahi kumsikia akisema *nadhani*. Nikangoja. Nilifundishwa kungoja na mtu anayekunja spana kwenye kitambaa.

"Ya arobaini na sita sina hakika," akasema. "Kidole kiliteleza. Nilitaka kuirudia, nikaona umeshatia saini."

Kwa hiyo tulikuwa wawili pale hemani, kila mmoja ameegemea kimya cha mwenzake. Ningeweza kumkasirikia. Nilifikiria barua ya shirika mfukoni mwake, na mstari wa tisa, na koti chini ya mashuka. Hasira ilikuja kweli. Lakini kijana alikuwa amelishika begi kwa mikono miwili, na basi lilikuwa linapiga honi, na nilikuwa nimechoka.

"Kwa nini unaniambia sasa?"

"Kwa sababu huko ninakokwenda skrubu ni elfu ngapi sijui. Na nitakosea." Akavua miwani. "Siku nikikosea, nataka kujua. Wewe ulianzaje? Neno la kwanza lilikuwa lipi?"

Nikafikiri. Nilitaka kumpa kitu kikubwa, lakini sikuwa nacho.

"Sikuanza na *samahani*," nikamwambia. "Ukianza na samahani watakuhurumia, mtazungumza kuhusu wewe. Nilitaja namba ya skrubu. Taja namba. Mengine watakuuliza wao."

"Taja namba," akarudia.

"Na uende asubuhi, kabla watu hawajawa wengi. Mimi nilitangulia kidogo tu, wakanikuta."

Akatoa kalamu, akaandika kwenye kiganja, maana daftari lilikuwa chini kabisa ya begi. Kondakta akamwita. Alipanda, akakaa dirishani, na basi lilipoanza kurudi nyuma nikamwona amefungua dirisha na anamwambia kitu Bi Wino, ambaye sikujua alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote, na kalamu nyekundu sikioni. Basi lilikuwa linanguruma. Bi Wino akaenda hadi dirishani, akainua mkono kulisimamisha, na likasimama.

"Arobaini na sita," nilimsikia Desimali akisema.